Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Nani Alimtunza Ayub Ogada?

WAZEE walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lakini mwulize mzazi yeyote wa Jericho, Kaloleni, Bahati au Umoja atakavyofanya siku mwanawe atakapomwambia kuwa anataka kuwa mwanamuziki, nawe utasikia maneno mengine kabisa. Utaambiwa kuwa muziki ni uhuni, kuwa ni pombe na kukesha, na kuwa hakuna mwenye nyumba anayepokea nyimbo mahali pa kodi. Aghalabu mzazi huyo si mtu mbaya. Amekwisha kuhesabu karo, kodi, unga na nauli, na katika hesabu yake gitaa halikupata nafasi.

Mjadala huu uliingia nyumbani kwa dada yangu, mtaani Jericho, mwaka huu. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka 19 anayesomea kazi ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi jijini, alichukua Sh18,000 za karo ya muhula wa pili akanunua gitaa kuukuu pamoja na spika yake. Dada huuza mitumba Gikomba. Fedha hizo alizipata kwa kuamka saa kumi za alfajiri, mvua au jua, ili awahi marobota yanapofunguliwa na kuchagua nguo zilizo nzuri kabla ya wenzake. Aliponipigia simu hakuzungusha maneno.

"Wewe ndiye mjomba wake, na wewe ndiye unayeandika habari za hao wanamuziki," alisema. "Njoo useme naye kabla sijalivunja hilo gitaa."

Njiani, nikiwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, nilijiuliza nitamwambia nini kijana huyo. Kumtajia wanamuziki waliotajirika kungekuwa kumdanganya. Kumtajia waliofariki dunia bila senti kungekuwa kumtisha tu. Nikaona heri nimsimulie habari za mtu mmoja ambaye maisha yake hayakumwendea hivi wala vile. Mtu huyo ni Ayub Ogada. Leo naomba niwasimulie wasomaji pia, kwa kuwa naamini nyumba zenye mjadala kama wetu ni nyingi.

MTOTO WA WAIMBAJI

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, naye akaitwa Job Seda. Jamaa yake ilikuwa ya Kiluo, na kwao muziki haukuwa kitu cha kutafutwa nje ya nyumba. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na waliwatumbuiza Wamarekani kwa nyimbo za Kiluo. Alipokuwa na umri wa miaka 6 aliandamana nao huko ng'ambo. Hebu mfikirie mtoto huyo. Kabla hata meno ya utotoni hayajamwisha kinywani, alikwisha kuona watu wa mbali wakitega masikio kusikiliza nyimbo za nyumbani kwao, nyimbo ambazo mtoto wa rika lake huku Nairobi angeambiwa ni za kishamba.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kipawa hurithiwa kama vile pua inavyorithiwa. Nijuavyo mimi, kinachorithiwa zaidi ni sikio. Mtoto aliyelelewa palipo na nyimbo hujua mapema kuwa wimbo ni kazi, kuwa una mwanzo na mwisho, na kuwa mtu mzima anaweza kuufanyia mazoezi bila kuona haya. Mtoto wa namna hiyo hata akiambiwa baadaye kuwa muziki ni uhuni, hawezi kusadiki, kwa kuwa amewaona wazazi wake.

ROKI YA NAIROBI

Job Seda alipokuwa kijana, Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa ikicheza kila namna ya muziki kwa wakati mmoja. River Road ilikuwa na benga na rumba ya Kongo. Kwenye madisko palikuwa na souli na fanki za Marekani. Vijana nao walikuwa wakijifunza gitaa kwa kusikiliza sahani za santuri za akina Jimi Hendrix na Santana, wakiirudia sehemu moja mara hamsini mpaka vidole vifuate.

Yeye na wenzake, miongoni mwao Gordon Ominde, Jack Odongo na Mbarak Achieng, walikuwa katika kundi lililoitwa Black Savage, yaani Mshenzi Mweusi. Jina lenyewe lilikuwa la uchokozi, kana kwamba wamelichukua tusi la mkoloni wakalivaa kama kofia. Walipiga roki iliyochanganywa na souli na fanki, wakarekodi na kampuni ya EMI. Kulikuwa na nyimbo za Kiingereza, lakini kulikuwa pia na mmoja wa Dholuo ulioitwa Kothbiro, maana yake "mvua inakuja". Jina hilo ni maneno ambayo nyanya yeyote huyasema anapoanua nguo kwenye kamba, nao waliyawekea gitaa la umeme na ngoma za kisasa. Msomaji mpenzi, uweke moyoni wimbo huo, kwa maana tutakutana nao tena.

Mwaka wa 1979 Job Seda alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Bendi hiyo ilihusiana na jumba la sanaa la African Heritage, lililoanzishwa jijini Nairobi na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Hapo mchanganyiko ulikwenda mbele zaidi. Ala za kiasili hazikuletwa jukwaani kama mapambo ya kuwafurahisha watalii, bali zilikaa bega kwa bega na gitaa na besi, na kila moja ikatakiwa kufanya kazi yake. Samite Mulondo, mwanamuziki wa Uganda aliyekimbilia Kenya mwaka wa 1982, naye alipitia katika bendi hiyo kabla ya kuhamia Marekani.

Katika miaka hiyo Job Seda alionekana pia kwenye filamu. Katika Out of Africa ya mwaka wa 1985 aliigiza kama Kanuthia, na mwaka wa 1987 akaonekana katika The Kitchen Toto. Mtu angedhani kuwa sasa mambo yake yamenyooka. Lakini mwaka wa 1986 alikuwa amekwisha kwenda Uingereza kuanza upya.

NYUZI NANE

Huko Uingereza hakuna aliyekuwa akimngoja. Alicheza nyatiti barabarani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, mbele ya watu waliokuwa wakikimbilia kazi. Nilipofika hapa katika masimulizi yangu, dada aliguna akasema, "Si unaona? Aliishia kuombaomba."

Nikamwomba asubiri. Mwaka wa 1988 Ogada alialikwa kwenye tamasha la WOMAD. Mmoja wa waanzilishi wa tamasha hilo ni Peter Gabriel, mwimbaji wa roki aliyepata kuwa sauti ya kundi la Genesis. Ndipo mlango wa studio za Real World, ambazo ni za Gabriel huyo huyo, ulipofunguka, na mwaka wa 1993 ikatoka albamu iitwayo En Mana Kuoyo, yaani "ni mchanga tu". Kijana aliyepitia katika kundi la roki Nairobi alikaribishwa na mwanaroki wa Uingereza, na alipoingia studioni, silaha yake kubwa ilikuwa ala ya wazee wa Nyanza.

Jina nalo lilikuwa limebadilika. Job Seda sasa alikuwa Ayub Ogada. Kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili jambo hili si geni, kwani Job ndiye Ayubu. Jina lile la kwanza hakulitupa. Alilitafsiri tu, na naona kuwa muziki wake aliufanyia vivyo hivyo.

Kwa wasioijua nyatiti, ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane, zilizovutwa kutoka kwenye mti wa juu hadi kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mchezaji huketi kwenye kigoda cha chini, akazidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo huugonga ukingo wa ala. Mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Juu ya yote hayo, huimba. Basi mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji, na haathiriki hata stima zikipotea. Wajuzi wa benga husema kuwa gitaa la kina D.O. Misiani liliiga midonoo ya nyatiti. Kwa hiyo kijana wa Eastlands anayepiga gitaa la benga amekwisha kuigusa nyatiti bila kujua.

Kwa desturi ala hii ilichezwa na wanaume. Hata hivyo, Mjapani aitwaye Eriko Mukoyama, anayejulikana zaidi kwa jina la Anyango, alisafiri hadi Nyanza akajifunza kuicheza na kuimba kwa Dholuo, akaenda kuitumbuiza kwao Japani. Sisi tuliozaliwa karibu nayo tunaitundika ukutani.

MVUA ILIYOZUNGUKA DUNIA

Sasa turudi kwenye Kothbiro. Katika albamu ya mwaka wa 1993 wimbo huo ulitokea tena, lakini roki ilikuwa imetulizwa. Nyatiti ilikuwa mbele na sauti ya Ogada juu yake, polepole, kama mtu anayetazama wingu likija kutoka ziwani. Mwaka wa 2005 ukasikika katika The Constant Gardener, filamu ambayo sehemu yake ilipigiwa hapa Nairobi. Watu wa mataifa mengi wasiojua hata salamu ya Dholuo waliusikia.

Halafu mwaka wa 2018 mwanamuziki wa Marekani, Kanye West, alitoa albamu iitwayo Ye, iliyoshika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo nchini mwake. Ndani yake mna wimbo uitwao Yikes, uliojengwa juu ya kipande cha Kothbiro. Kipande hicho hakikutoka kwenye ile albamu ya nyatiti ya 1993. Kilitoka kwenye roki ya Black Savage. Kazi ya vijana wa Nairobi wa miaka ya 1970, ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia, ilirudi kwetu kutoka Marekani. Ikapigwa kwenye matatu zetu, na abiria wakatikisa vichwa wakidhani ni kitu kigeni.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye gitaa anapaswa kulishika. Wimbo wa Yikes ulipotoka, majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yaliwekwa miongoni mwa watunzi wake. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu kazi ile ifanywe, lakini bado kulikuwa na majina ya kuandikwa. Na jina la mtunzi si heshima tu, bali ndilo linalofuatwa na malipo. Tukumbuke jinsi Wakenya walivyobishana miaka nenda miaka rudi kuhusu ni nani hasa aliyetunga Malaika, ilhali wimbo wenyewe ulikuwa ukiimbwa na dunia nzima.

Ogada aliishi miezi 8 tu baada ya albamu hiyo kutoka. Alikuwa amerudi Kenya, akakaa upande wa Kisumu, na mwaka wa 2015 ikatoka albamu Kodhi, aliyoshirikiana na mpiga gitaa Trevor Warren wa Uingereza. Alifariki tarehe 1 Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera.

NYATITI YA BABU

Baada ya masimulizi hayo kijana alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu na kuutafuta wimbo huo, ule wa 1993. Sebule ya dada ni ndogo, na mlango wa jikoni hauna pazia. Wimbo ulipoanza, mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, aliacha kuchambua sukuma wiki.

"Anko, mimi hicho Kijaluo sikielewi," kijana aliniambia, "lakini kinanishika."

"Mvua inakuja," mama alijibu kutoka jikoni. "Huyo anasema mvua inakuja. Hata hilo hukuelewa?"

Kijana alitazama ukutani. Pale juu ya kabati inaning'inia nyatiti ya marehemu baba yetu, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Jumapili alasiri alikuwa akiitoa barazani, na majirani wetu Wakamba, Wakikuyu na Waluhya wakija na vigoda vyao kusikiliza, hata siku ambazo kulikuwa na mechi uwanjani Camp Toyoyo. Tangu alipozikwa haikuwahi kushushwa ila kwa kufutwa vumbi. Kijana akaishusha. Zilikuwa zimebaki nyuzi tano. Mama akamweleza kuwa zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama, lakini siku hizi uzi wa kuvulia samaki unatosha, na unauzwa kwa bei ya soda.

Dada alikuwa bado amekunja mikono. "Na karo yangu," aliuliza, "itarudishwa na mvua?"

Tulicheka sote isipokuwa yeye, na alikuwa na haki ya kutocheka. Sh18,000 za Gikomba si hadithi. Jioni hiyo tuliafikiana hivi: kijana angerudi chuoni, na kila Jumamosi angekwenda Gikomba kumsaidia mama yake kubeba na kupanga nguo mpaka deni limalizike. Gitaa lisingevunjwa wala kuuzwa. Likizo ikifika, angekwenda Siaya kwa mzee mmoja anayeijua nyatiti, akae naye. Dada alikubali, lakini alikubali kama mtu anayekopesha. Mpaka leo hajaniambia kuwa ameridhika, na simlaumu.

MCHANGANYIKO SI PUPA

Siwezi kumwahidi mzazi yeyote kuwa muziki utamlisha mwanawe. Maisha ya Ogada hayaahidi hivyo. Mtu aliyekuwa na bendi, filamu na marafiki jijini Nairobi alilazimika kuanza tena kwenye vituo vya treni vya nchi ya watu. Lakini maisha yake yanaonyesha mambo mawili ambayo nyumba zetu zinaweza kuyafanyia kazi.

La kwanza ni kuwa kuchanganya muziki kunahitaji kujua vitu viwili sawasawa. Mtu asiyejua kupika pilau wala biriani hawezi kuzichanganya akapata chakula cha tatu. Atapata wali ulioharibika. Ogada aliijua roki kwa kuipiga, na aliujua muziki wa Kiluo kwa kulelewa ndani yake. Eastlands yetu haijakosa watu wa namna hiyo. Kalamashaka wa Dandora waliichukua rapu ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaitia Kiswahili cha mtaa, na haikuonekana ya kuazima. Gidi Gidi Maji Maji waliitia Dholuo, na mwaka wa 2002 Unbwogable ikaimbwa na nchi nzima, hata na wasiojua maana yake. Watoto wetu wanazo simu zinazowaletea muziki wa dunia yote. Upande huo hauna upungufu. Unaopungua ni upande wa pili, ule ulio kinywani mwa mama yangu pale jikoni, na huo haupatikani kwenye simu akiisha kuondoka.

La pili ni karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambako mtunzi anaweza kusajili kazi yake. Haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, yaani ni urithi kama shamba. Mzazi anayemkataza mwanawe muziki kwa hofu ya umaskini angemfaa zaidi kwa kumwuliza maswali matatu: Wimbo huu umetungwa na nani? Mmeandikiana wapi? Umesajiliwa? Kijana asiyeweza kuyajibu bado hajaanza kazi, hata kama ukumbi wa Kaloleni umejaa watu wanaompigia makofi.

Na ile methali? Kutunza, kwa maana ya zamani, ni kumpa zawadi mchezaji angali anacheza, kumvika au kumbandika fedha usoni mbele ya watu. Hakutunzwi kaburini. Wazungu walimlipa Ogada mabarabarani, wakamfungulia studio, wakauweka wimbo wake kwenye filamu, na Wamarekani wakaujengea albamu. Wengi wetu wa Eastlands tulimjua kwa tangazo la kifo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini ni lazima wa kwao watoke nje watazame.